Mkifuga kinyonga jike, msimnyime udongo

Kuna neno moja nililolitamka mwaka uliopita ambalo hadi leo linanichoma moyoni. Neno lenyewe ni "mchanga".

Nilikuwa nimealikwa na shule moja ya upili huko pwani, ambayo jina lake nalihifadhi, kuzungumza katika kongamano la Kiswahili. Mhadhara ulipokwisha, na kabla ya mgeni kupewa ruhusa ya kwenda zake, wanafunzi wa chama cha sayansi waliniongoza hadi maabara nikatazame fahari yao. Mezani, ubavuni mwa dirisha, palikuwa na sanduku la kioo la kufugia samaki, limefunikwa kwa ubao wenye matundu manne. Ndani yake mlikuwa na kinyonga jike, mnene wa tumbo, kijani chake kimefifia. Chini palitandikwa gazeti. Kwa heshima ya mgeni, nadhani, lilikuwa gazeti la Kiswahili. Mlikuwa pia na kisahani cha maji na tawi moja kavu. Kinyonga hakuwa tawini. Alikuwa chini, pembeni kabisa, akilikwaruza gazeti kwa miguu ya mbele.

"Anacheza, Daktari," msichana mmoja akanieleza kwa furaha.

Nilijua hachezi. Lakini gari lilikuwa limekwisha kuwashwa, mwalimu mkuu alikuwa akinisubiri na kitabu cha wageni, nami nikasema harakaharaka, "Mwekeeni mchanga," kisha nikaaga. Siku kumi hivi baadaye, mwalimu wao wa biolojia alinipigia simu. Walikuwa wamenitii. Walichota mchanga mkavu wa ufuoni, wakaumwaga sandukuni, kina chake kama upana wa vidole viwili. Kinyonga alikuwa amekufa. Alipopasuliwa, alikutwa na mayai tele tumboni, yamesongamana kama punje za hindi gunzini.

Mimi ni mtu wa isimu. Kila muhula huwahubiria wanafunzi wangu kwamba neno pekee ni nusu ya kauli, na kwamba maana hukaa katika muktadha. Nami ndiye niliyeteleza. Nilisema mchanga, sikusema kina, sikusema unyevu, sikusema faragha. Makala haya ni ile sentensi kamili ambayo niliwanyima wanafunzi wale.

Huenda msomaji akauliza mtu wa sarufi aliyajulia wapi mambo ya vinyonga. Sikuyajulia kwetu. Kwetu, kama ilivyo katika jamii nyingi za nchi hii, kinyonga ni kiumbe wa kukimbiwa. Tuliambiwa ana sumu, ilhali hana hata chembe. Tuliambiwa ni nuksi, nasi tukasimuliwa ngano ya mjumbe aliyejikokota njiani hata habari kwamba wanadamu hawatakufa ikachelewa kufika. Ngano ambayo, kwa namna moja au nyingine, husimuliwa na Wabantu wengi kuanzia miteremko ya Mlima Kenya hadi kwa Wazulu. Kwa hiyo nilifikia umri wa miaka thelathini bila ya kumgusa kinyonga. Wa kwanza kumgusa nilimkuta Bayreuth, Ujerumani, nilikokuwa nikisomea shahada ya uzamifu.

Jirani yangu wa ghorofa ya pili, mwanafunzi wa biolojia, alikuwa na kinyonga jike wa aina ambayo wataalamu huiita Chamaeleo calyptratus. Asili ya aina hiyo ni Yemeni na kusini magharibi mwa Saudia. Yule hakuwa ametekwa mwituni. Alizaliwa mikononi mwa wafugaji, kizazi baada ya kizazi, kama kuku. Kwa ajili ya asili hiyo ya Yemeni nilimpa jina la Balkis, ambalo Waarabu humwitia Malkia wa Sheba. Likizo ya Krismasi ilipofika, jirani aliniachia ufunguo, ukurasa mmoja wa maagizo kwa Kijerumani, na Balkis.

La kwanza lililonishangaza ni umbo la kizimba chake. Kilikuwa kirefu kuliko upana: sentimita 45 kwa 45, na kwenda juu sentimita 90. Hicho ndicho kipimo cha chini ambacho wafugaji hukikubali kwa jike mzima wa aina hiyo. Dume hutakiwa kupewa kikubwa zaidi. Tena kilikuwa kimekwezwa juu ya kabati, hata nikisimama nilitazamana na Balkis ana kwa ana. Kinyonga ni mkaazi wa mtini. Anayemjia kutoka juu humwona adui, kwa kuwa ndege wanaomla hutoka juu. Ukimweka chini, hata ukimpa kasri, ataishi kwa hofu. Ukimweka juu ya kimo cha macho yako, atatulia.

Kuta zilikuwa za wavu, mfano wa ule tunaoutia madirishani kuzuia mbu. Hewa haina budi kupita. Sanduku la kioo lililozibwa huifungia hewa chafu ndani, unyevu ukalala, ukungu ukaota, na mapafu ya mnyama yakaugua. Fauka ya hayo, kioo humrudishia kinyonga sura yake. Naye ni mnyama wa upweke. Akiona sura ya kinyonga mwingine humdhani mvamizi, akakasirika mchana kutwa dhidi ya nafsi yake. Ndiyo sababu hawawekwi wawili katika kizimba kimoja, hata wakiwa wa tumbo moja.

Hapa nifungue mabano. Hasira hiyo nimeitaja kwa sababu huonekana katika ngozi. Watu wengi, na hata baadhi ya vitabu vya kiada, husema kwamba kinyonga hujigeuza afanane na mahali alipo, na kutokana na imani hiyo tumewabandika jina lake wanasiasa wanaohamahama vyama. Tumemdhulumu mnyama. Kinyonga hubadilisha rangi hasa kwa ajili ya joto na baridi, hofu, hasira, na kuzungumza na wenzake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walionyesha kwamba katika ngozi ya kinyonga wa Madagaska mna seli zenye fuwele ndogo mno, na kwamba fuwele hizo zikikaribiana au zikiachana, nuru inayoakisiwa hugeuka rangi. Kwa maneno mengine, kinyonga huvaa hadharani yale yaliyomo moyoni. Mwanasiasa hufanya kinyume chake. Nafunga mabano.

Ndani ya kizimba mlijaa matawi, mengi yakiwa ya kulala wala si ya kusimama, ya unene mbalimbali. Ukitazama mguu wa kinyonga utaona vidole vitano vilivyogawanyika makundi mawili, vitatu upande mmoja na viwili upande wa pili, kama koleo. Mguu huo umeumbwa kukumbatia tawi. Juu ya gazeti au kioo hauna kazi. Palikuwa pia na mti mdogo wa jamii ya mkuyu katika chungu, pamoja na mmea mwingine wa kutambaa wenye majani mapana. Majani yana kazi mbili: Balkis alijificha nyuma yake aliponichoka, jambo lililotokea mara nyingi, na juu yake ndipo alipokunywa maji. Kinyonga kwa kawaida hatambui maji yaliyotuama katika kisahani. Huyatambua matone yanayometameta na kuteremka. Asubuhi na jioni nilinyunyiza majani kwa chupa ya dawa ya nywele iliyosafishwa vyema, naye akawa analamba tone baada ya tone, polepole, kama mtu anayehesabu.

Juu ya wavu paliwekwa taa mbili, zikawaka saa 12 na kuzimwa saa 12. Moja ilikuwa ya joto, ili tawi la juu lifikie nyuzi 28 hivi za Selsiasi wakati wa kuota, ilhali sehemu za chini zilibaki na ubaridi wa kadiri. Mnyama huchagua mwenyewe apande au ashuke. Taa ya pili ndiyo wengi wasiyoijua. Ilikuwa ndefu, ya kutoa miale ya urujuanimno, ile sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho yetu. Bila miale hiyo mwili wa kinyonga hauwezi kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo hauwezi kutumia kalsiamu ipasavyo. Mifupa hulainika na kupinda kama ya mtoto mwenye matege. Kwa jike hasara ni maradufu, kwa kuwa kalsiamu hiyo hiyo ndiyo hutumika katika maganda ya mayai na katika nguvu za misuli ya kuyasukuma. Walimu wa sayansi watanielewa nikisema kwamba miale hiyo haipenyi kioo cha dirisha. Kumweka kinyonga dirishani si kumpa jua. Ni kumpa joto la jua bila faida yake.

Chakula chake kilikuwa nyenje walio hai, waliolishwa kwanza mboga za majani, kisha wakapakwa unga wa kalsiamu kabla ya kutolewa. Maagizo yalisema wanne tu, siku moja ndiyo, siku moja siyo. Mimi, kwa ukarimu wa kwetu ambapo mgeni hahesabiwi matonge, nilimpa kila siku, naye hakukataa. Sikujua kwamba kwa kinyonga jike wa aina ile chakula kingi hugeuka mayai mengi, na mayai mengi ni mzigo unaoweza kuukatisha uhai wake.

Tukafika kwenye mchanga.

Chini ya kizimba mlikuwa na chombo cha plastiki kisichopenyeza mwanga, kina chake sentimita 30, kimejaa mchanga wenye unyevu. Karatasi ya maagizo ilisema kisiguswe. Lakini mimi nililelewa na mama aliyefagia uwanja kabla ya jogoo la pili. Nilikitazama kile chombo nikadhani ni choo, kama kile anachowekewa paka na Wazungu, nikaona ni uchafu kukaa nacho chumbani. Nikakitoa nje, nikakiweka kwenye roshani. Ilikuwa Desemba, Bayreuth.

Siku ya tatu Balkis alikataa kula. Siku ya nne aliteremka kutoka matawini, jambo ambalo sijamwona akilifanya, akawa anazunguka sakafu ya kizimba pembe hadi pembe akikwaruza. Rangi yake ilikuwa imekolea giza, na juu ya giza hilo vidoa vya manjano na samawati. Nilidhani anataka kutoka, nami kwa wema nikamfungulia mlango. Hakutoka. Ndipo nilipompigia simu jirani yangu, naye baada ya kunisikiliza aliuliza swali moja tu, "Mchanga uko wapi?"

Mchanga ulikuwa umeganda kama tofali. Nilikesha usiku ule karibu na kipasha joto nikiuvunja kwa kijiko na kuuyeyusha, huku nikielezwa kwa simu kile ambacho nilipaswa kukisoma. Kinyonga jike wa aina ya Balkis hutaga hata kama hajawahi kumwona dume, kama kuku atagavyo bila jogoo. Tofauti ni kwamba hayo mayai hayatotoi. Huanza akiwa bado mchanga, pengine kabla ya kutimiza mwaka, nayo hutoka makumi kwa makumi. Ila hayatoi popote tu. Sharti kwanza achimbe handaki, akae ndani yake, aridhike. Asipopata mahali pa kuchimba huyazuia, na mayai yaliyozuiwa humuua.

Basi mchanga unaofaa ni upi? Uwe umeoshwa, ama umechanganywa na udongo kidogo usiotiwa mbolea wala dawa. Uwe na unyevu wa kutosha hata ukiufumbata mkononi ushikamane, lakini usichuruzike maji. Kipimo kizuri ni kuutoboa kwa kidole: shimo likisimama, mchanga unafaa, likibomoka, ongeza maji. Ule wa ufuoni, mkavu tena una chumvi, haufai kabisa. Kina kisipungue sentimita 30, kwa sababu wengi huchimba hadi wakutane na kitako cha chombo. Upana umruhusu kugeuka akiwa ndani. Na jambo la mwisho, ambalo kwa watoto wa shule ndilo gumu kuliko yote: asitazamwe. Jike anayechimba akimwona mtu huweza kuliacha shimo na asirudi. Nilikifunika kizimba kwa kanga niliyopewa na dada yangu nilipokuwa nikiondoka Nairobi, nikabakisha upenyo mdogo tu wa kuchungulia kutoka mbali.

Balkis alichimba siku mbili. Kuna wakati ilionekana ncha ya mkia tu. Asubuhi ya siku ya tatu nilimkuta tawini, mwembamba kama mfuko mtupu, mchanga umemjaa kichwani, na shimo limefukiwa na kusawazishwa hata usingejua palikuwa na shimo. Alikunywa maji kwa muda mrefu ajabu. Nilipofukua nilihesabu mayai 43. Jirani aliniambia kwamba kama ningechelewa siku chache zaidi, angalimkuta mfu. Na kwamba dalili ya kuogopewa ni jike mwenye mayai anayefumba macho mchana na kulegea tawini. Huyo hupelekwa kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, wala hangojewi kesho.

Unaona basi, msomaji, kwamba nilipoingia maabara ya ile shule ya pwani sikuwa mjinga. Hilo ndilo linalonisumbua.

Yule wa pwani hakuwa wa aina moja na Balkis, lakini tabia yao katika jambo hili ni moja. Alikuwa na vibamba vya ngozi nyuma ya kichwa, mfano wa masikio yaliyolazwa. Huyo ni Chamaeleo dilepis, ambaye anaonekana sana katika vichaka vya pwani, naye hutaga ardhini. Mwanafunzi wa Limuru au Nyeri atakutana na wengine. Kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, na yule mwenye kishungi kirefu, Trioceros hoehnelii, hawatagi. Huzaa watoto walio hai, ambao huanza kutembea punde tu watokapo tumboni. Hao hupenda usiku wa baridi, na joto ambalo Balkis aliliota kwa raha lingewadhuru. Lugha yetu imewakusanya wote katika neno moja, kinyonga, na anayejenga kizimba kwa kulifuata neno atakosea. Wanasayansi nao wametukopa neno hilo: tangu mwaka 2006 kuna jenasi nzima ya vinyonga wa milima ya Afrika Mashariki na maeneo jirani iitwayo Kinyongia, wakiwamo wa Milima ya Taita. Hata katika sarufi jina hili lina ukaidi wake. Lina ki- na vi- kama kiti na viti, lakini husemi kinyonga hiki kimelala. Husema kinyonga huyu amelala. Lugha imekwisha kumtambua kuwa ana uhai. Aliyesahau ni sisi.

Lakini hayo yote, kizimba, taa, nyenje na mchanga, yanamhusu mnyama aliyezaliwa kwa wafugaji, katika nchi inayoruhusu. Hapa Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kumchukua mnyamapori uani na kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Najua wapo watakaocheka wakisema sheria hiyo iliwalenga wanaoua ndovu. Mwaka 2025 mahakama iliyo katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza vijana wawili wa Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi kumi na miwili, kwa kupatikana na chungu hai wapatao 5,000. Ikiwa chungu amehesabiwa, kinyonga atasahauliwa?

Vinyonga wetu wameshasafiri mbali mno. Mwaka 1972 dazeni chache za wale wa pembe tatu zilisafirishwa kutoka Kenya hadi kisiwa cha Oahu, Hawaii, kwa ajili ya duka la kuuza wanyama. Waliachiliwa bustanini ili wapumzike na uchovu wa safari, nao wakatawanyika. Leo wamejaa misituni huko wakila wadudu na konokono wasiopatikana kwingine duniani, na wenyeji hawajui wawafanyeje. Biashara ya kizimba haikuwaharibia vinyonga peke yao.

Kwa hiyo sentensi kamili niliyopaswa kuwaambia wale wanafunzi haikuwa hata ya mchanga. Ilikuwa hii: mrudisheni leo, kabla jua halijatua, kwenye kichaka kile kile mlikomtoa, kwa maana ana mayai na anatafuta ardhi. Isingenichukua muda mrefu kuliko kutia sahihi kitabu cha wageni.

Nilimwambia hivyo mwalimu wa biolojia katika simu ile ile, naye hakunilaumu, jambo lililonizidishia aibu. Tukazungumza kuhusu ua wa shule yao, wa michongoma na miti michache ya mwarobaini, ambao una urefu, majani, umande, jua lisilopita kiooni, na udongo usio na kitako. Nikamwambia kwamba usiku kinyonga aliyelala hupauka, na mwanga wa tochi humfanya aonekane waziwazi kwenye majani, hivyo darasa linaweza kuwahesabu bila kumshika hata mmoja.

Mwezi uliopita aliniandikia ujumbe. Wamewahesabu saba uani. Mmoja, jike, walimwona akiteremka mwarobaini mchana wa saa nane, akachimba chini ya shina hadi jioni. Wanafunzi walikaa mbali, mwalimu akawakataza hata kunong'ona. Alipokwisha kufukia na kupanda tena, walizungushia mahali pale mawe ili mfagiaji asipapite. Mayai ya aina hiyo hukaa ardhini miezi mingi kabla ya kutotolewa, na kidato cha nne wamenuna, kwa sababu wamepiga hesabu wakaona watakuwa wamekwisha kuondoka shuleni.